Hatua Tatu za Mtoto wa Kidato cha Kwanza

 Kama uko Mwanjelwa unafunga duka, kama uko Ipogolo unasubiri gari, kama uko Mafinga umesogea karibu na jiko kwa ajili ya baridi, karibu tuzungumze.

Jioni hii nataka tuzungumzie jambo linalowagombanisha walimu, waamuzi na wazazi kila msimu wa michezo ya shule unapofika huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Wanaocheza mpira wa kikapu wakiwa ni watoto, na wengi wao ndiyo kwanza wanajifunza, mwamuzi apulize filimbi kwa ukali kiasi gani?

Mechi ya namna ya kwanza unaijua. Shule mbili zinakutana uwanja wa saruji, saa kumi jioni, baada ya vipindi. Mwamuzi ni mwalimu wa michezo aliyesoma sheria na anataka zifuatwe zote. Mtoto anadaka mpira, mguu unasogea kidogo, filimbi inalia. Mpira unakwenda upande wa pili. Huko nako mtoto anadunda, anaushika kwa mikono miwili, anadunda tena, filimbi inalia. Mwingine amesimama ndani ya eneo la chini ya kikapu, hata hajui kwamba hapo mwisho ni sekunde tatu, filimbi inalia. Robo ya kwanza inaisha, timu moja ina pointi nne, nyingine mbili, na hakuna mtoto aliyekimbia kutoka kikapu kimoja hadi kingine bila kusimamishwa. Taa hakuna. Jua linazama robo ya tatu haijaisha, na watoto wanarudi bwenini wakijua kitu kimoja tu, kwamba walikosea.

Ya pili unaijua vilevile. Mwamuzi amesema waacheni watoto wacheze. Kijana wa kidato cha tano mwenye kifua cha mtu mzima anamgonga mdogo wake wa kidato cha pili, mdogo anaanguka kwenye saruji, mchezo unaendelea. Kiwiko kinapita shingoni, mchezo unaendelea. Mkono unapigwa wakati mtoto anatupa, watazamaji wanashangilia kana kwamba ni ushujaa. Kufika robo ya mwisho, wanaotaka mpira wamebaki wale wenye nguvu na wasioogopa kuumia, na waliobaki wanakimbia pembeni wakijifanya wanacheza.

Mimi nasema mechi zote mbili zimeharibiwa, na iliyoharibiwa zaidi ni hii ya pili. Kwa watoto, mwamuzi awe mkali sana kwa mikono inayoumiza, na awe mvumilivu kwa miguu ambayo bado inajifunza. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu neno uvumilivu likiachwa peke yake kila mtu hulitumia apendavyo.

Tuanze na miguu. Mtoto wa Tanzania anapofika kidato cha kwanza na kukutana na kikapu kwa mara ya kwanza, hafiki mikono mitupu. Amecheza shule ya msingi. Kama alikuwa kwenye timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, huenda alicheza mpira wa mikono, na sheria za mpira wa mikono zinamruhusu kupiga hatua tatu akiwa ameushika mpira. Hatua tatu, kwa haki kabisa. Amezifanyia mazoezi, amepongezwa kwa hizo, labda amefunga bao la ushindi kwa hizo. Leo anaingia uwanja wa kikapu, anadaka mpira, anapiga hatua zake tatu, anapulizwa, na mwalimu anapaza sauti kwamba mtoto huyu hafundishiki. Huyu amefundishwa vizuri sana, ila mchezo aliofundishwa ni mwingine.

Mvulana aliyekulia kwenye mpira wa miguu naye ana urithi wake. Huko kumsukuma mwenzako bega kwa bega, kwa haki, mkigombea mpira, kunaruhusiwa. Mtoto aliyecheza kandanda vichochoroni Soweto ya Mbeya au Kihesa ya Iringa tangu akiwa na miaka sita anaona bega ni sehemu ya mchezo. Akilileta kwenye kikapu anaumiza watu, naye moyoni hana nia mbaya.

Na wasichana wengi wanatoka kwenye mpira wa pete. Kwenye mpira wa pete hakuna kudunda na kukimbia. Ukidaka unasimama, na anayekuzuia lazima akae umbali wa sentimita 90 kutoka mguu wako. Kwa hiyo msichana huyo mara nyingi miguu yake ina nidhamu kuliko ya kaka zake, lakini hajawahi kukabwa na mtu aliyemsogelea hadi pumzi inasikika. Siku ya kwanza anayokutana na kiwiko, mwamuzi akanyamaza, anaamua kurudi kwenye pete, na huwezi kumlaumu. Wasichana wangapi warefu, wenye mikono mizuri, tumewapoteza namna hiyo? Hesabu sina, lakini kila mwalimu wa michezo anayenisikiliza anaweza kumkumbuka mmoja.

Sasa naomba tuende mbali kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikopata kuielewa sheria yenyewe. Mchezo huu uliundwa Desemba 1891 na mwalimu aliyeitwa James Naismith, kwenye chuo cha YMCA katika mji wa Springfield, Marekani. Alikuwa na darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akawagawa tisa kwa tisa. Mwaka 1939, mwaka huohuo aliofariki, Naismith alialikwa kwenye kipindi cha redio New York, akasimulia siku hiyo ya kwanza. Alieleza kwamba vijana walianza kukamatana, kupigana mateke na ngumi katikati ya ukumbi. Kabla hajawaachanisha, mmoja alikuwa amezirai, kadhaa wamevimba macho, na mwingine bega limeteguka. Akaongeza sheria, na ile aliyoiona kuwa muhimu kuliko zote ni kwamba mtu asikimbie na mpira mkononi. Kukamatana na kupigana kukakoma.

Sikiliza vizuri hapo. Sheria ya kutotembea na mpira, ambayo leo tunaipuliza kwa mtoto aliyesogeza kisigino, ilikuja kwa ajili ya kuzuia watu wasiumizane. Mtu akikimbia ameukumbatia mpira, njia ya kumzuia ni kumwangusha. Asipokimbia nao, hakuna sababu ya kumwangusha. Na zile sheria 13 za mwanzo za Naismith, palepale zinapokataza kukimbia na mpira, zinatoa nafasi kwa mtu aliyedaka akiwa kwenye kasi, mradi tu anajitahidi kusimama. Mwanzilishi mwenyewe alijua kwamba mwili una kasi yake na haugandi kwa amri.

Ukishajua hivyo, kazi ya mwamuzi wa watoto inakuwa nyepesi. Mtoto yuko kwenye kona, hakuna anayemsogelea, ameshika mpira na mguu wake wa egemeo umechezacheza kwa woga. Amepata faida gani? Hakuna. Amemhatarisha nani? Hakuna. Mwambie kwa sauti, mguu, namba saba, uache chini, na mchezo uendelee. Lakini mtoto aliyeukumbatia mpira akapita katikati ya watu watatu kwa hatua nne hadi chini ya kikapu, huyo pulizia bila kusita, hata kama ni siku yake ya kwanza, hata kama ni mtoto wa mkuu wa shule. Kosa lake ndilo hasa lililoifanya sheria izaliwe. Amepata faida asiyostahili, na mtu wa kumzuia hana njia isipokuwa kumgonga.

Sekunde tatu chini ya kikapu ni hivyohivyo. Mtoto amesahau kutoka, mpira uko mbali naye, mwambie atoke. Akijikita pale kwa sababu ni mrefu na anasubiri kulishwa mpira, pulizia. Sekunde nane za kuvuka nusu ya uwanja zisikutese kwenye mechi za mwanzo. Hata saa ya sekunde 24 za kushambulia hatuna kwenye viwanja vyetu vya shule, na mwamuzi anayehesabu kwa mkono huku anaangalia watoto kumi hawezi kuhesabu kila kitu.

Kuna atakayesema ninawafundisha waamuzi kupuuza kitabu. Nenda kwenye kitabu chenyewe, sheria za FIBA, shirikisho la dunia, sehemu inayohusu wajibu wa waamuzi. Kinawataka waamuzi wazingatie roho ya sheria. Kinawataka wasiukatize mchezo bila sababu kwa mguso mdogo usiompa mmoja faida wala kumdhulumu mwingine. Na kinawataka watumie busara katika kila mechi wakiangalia uwezo wa wachezaji waliopo mbele yao. Uwezo wa wachezaji! Mwamuzi anayempima mtoto wa miezi miwili kwenye mchezo kwa kipimo cha mchezaji wa timu ya taifa ndiye aliyeruka ukurasa.

Tena, nalisema hili kwa heshima kwa walimu wetu wanaojitolea, ukali mwingi tunaouona uwanjani unatokana na sheria zilizopitwa na wakati. Tangu Oktoba 2017 FIBA imebadilisha namna ya kuhesabu hatua. Mchezaji aliye kwenye mwendo anapodaka mpira, au anapomaliza kudunda, mguu uliokuwa chini wakati huo hauhesabiwi. Baada ya hapo ana hatua mbili. Vijana wameshaiona kwenye simu, wanaifanya, na wanapulizwa kwa jambo ambalo ni halali. Sheria nyingine inayokosewa ni ya kuanguka. Viwanja vyetu vya saruji asubuhi vina umande, vina vumbi, vina nyufa, na watoto wanacheza na raba zilizolika soli. Mtoto anateleza, anaanguka na mpira, filimbi inalia papo hapo kwamba ametembea. Hapana. Kuanguka na kuteleza ukiwa umeshika mpira si kosa. Kosa ni kubingirika nao au kujaribu kusimama nao. Mtoto yule apewe nafasi ya kutoa pasi akiwa chini.

Sasa mikono. Hapa sina uvumilivu hata kidogo, na sitaki uwepo.

Mashindano ya UMISSETA yanakusanya watoto wa sekondari, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita. Fikiria mwenyewe, msikilizaji. Kwenye uwanja mmoja unaweza kumkuta wa miaka 14 na wa miaka 19. Tofauti hiyo ni ya mifupa, ni ya kilo, ni ya kasi. Na chini yao ni saruji, hakuna sakafu ya mbao. Mtoto akiruka kutupa na mtu akajiingiza pale anapotaka kutua, anaanguka bila kujua anaangukia wapi, na kifundo cha mkono au cha mguu hakisubiri tumalize kubishana. Sheria inampa aliyeruka haki ya kutua salama. Mwamuzi wa watoto aipulize kila mara, kwa mshambuliaji na kwa mlinzi, kwenye dakika ya kwanza na kwenye dakika ya mwisho timu zikiwa sawa.

Vilevile kushika jezi, kusukuma mgongoni, kugonga mkono wa anayetupa, viwiko vinavyozungushwa baada ya kudaka mpira uliogonga ubao. Wengine wananiambia, ukipuliza zote hizo mechi haitakwisha, na watoto watamaliza faulo zao tano mapema. Nimewaona waamuzi wanaofanya hivi, na kinachotokea ni kinyume. Robo ya kwanza inakuwa na filimbi nyingi. Faulo ya tano ya timu ndani ya robo inaleta mitupo miwili huru, kocha anaona pointi zinaondoka, anawaita watoto wake na kuwaambia warudishe mikono. Robo ya tatu mchezo umetulia. Watoto wanapima haraka sana mpaka wa mtu mzima aliye mbele yao, na kama mpaka hauhami, wanakaa ndani yake. Kama mtoto mmoja atatoka kwa faulo tano, atoke. Akae benchi, aeleweshwe, arudi wiki ijayo. Na yule anayemgonga mwenzake bila kuutafuta mpira, apewe faulo ya utovu wa uanamichezo, mitupo miwili na mpira kwa wapinzani, kama sheria inavyosema. Isishushwe daraja kwa sababu ni mtoto.

Ulimi pia nauweka upande wa mikono. Mtoto anayemtukana mwenzake kwa umbo lake, kwa kabila lake, kwa umaskini wa viatu vyake, asiachiwe kwa kisingizio cha utani wa vijana. Utani wa kwetu una watu wake na mipaka yake. Haumruhusu mtu kumdhalilisha mtoto mbele ya shule nzima.

Sasa niijibu hoja nzito ya upande wa pili, kwa sababu ni hoja ya watu wanaojua kazi. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Ukimwachia mtoto wa Mbeya atembee na mpira kwenye mechi za kata na wilaya, atafika mkoani, atafika taifa, akutane na waamuzi wenye ujuzi, apulizwe kila akigusa mpira, na timu ya mkoa irudi nyumbani mapema. Mwaka 2025 mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika hapahapa Iringa, na wenye macho waliona jinsi hatua ya taifa isivyo na huruma kwa mtoto aliyekuja na mazoea mabaya.

Naikubali hoja hii, ila wa kumkunja samaki huyu ni kocha, na siku ya kumkunja ni Jumanne na Alhamisi kwenye mazoezi, mtoto anaporudia kudaka na kusimama mara hamsini, kulia na kushoto. Filimbi ya Ijumaa mbele ya watu haimfundishi mguu. Inamfundisha kuogopa mpira, na mtoto anayeogopa mpira huutoa haraka kwa mwingine asije akapulizwa yeye. Ukali uongezeke kadiri mashindano yanavyopanda. Bonanza la kidato cha kwanza, mwamuzi aongee zaidi ya anavyopuliza. Mechi za wilaya, kutembea na mpira na kudunda mara mbili vipulizwe pale vinapoleta faida. Mechi za kuchagua timu ya mkoa, kitabu chote. Watoto waambiwe mapema kwamba ngazi hiyo ipo, ili wakifika juu wasishangae. Mikono haina ngazi. Inapulizwa sawa tangu bonanza hadi fainali.

Na tusisahau kwamba watoto wetu wanaanza kwa kuchelewa. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ya NBA, aliyechaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kwenye orodha nzima ya mwaka 2009, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, Dar es Salaam. Umri huo ndio wa mtoto wako wa kidato cha pili pale Mbeya mjini au Tosamaganga, anayedaka mpira kwa mara ya kwanza na kupiga hatua tatu. Kwa wadogo zaidi, wa miaka 12 kushuka chini, dunia imekubali kwamba hata vipimo vibadilike. Kwenye kikapu cha watoto ringi inashushwa hadi mita 2.60 badala ya 3.05, na mpira ni mdogo, namba tano. Kama tunaweza kushusha chuma, hatushindwi kupunguza filimbi.

Liko jambo moja linaloweza kuharibu yote haya, nalo ni upendeleo. Waamuzi wetu wengi ni walimu, na mara nyingi mwalimu anachezesha mechi ya shule yake kwa sababu hakuna mwingine. Hapo uvumilivu unageuka kuwa mlango wa wizi. Mtoto wa kwetu anavumiliwa, wa kwao anapulizwa. Watoto wanaliona hilo kabla ya watu wazima, na hawalisahau. Ukiamua kuivumilia miguu, ivumilie ya shule kubwa yenye basi na ya shule ya kata iliyokuja kwa miguu. Na ikiwezekana walimu wabadilishane: wa Iringa mjini achezeshe ya Kilolo, wa Mbeya mjini achezeshe ya Rungwe. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko ugomvi tunaouona.

Wazazi mnaopiga kelele pembeni, nina neno moja tu kwenu. Mwamuzi mnayemtukana ni mwalimu wa mwanao, na kesho asubuhi yuko darasani naye.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, waamuzi na walimu wa michezo wa Mbeya na Iringa. Kabla ya kurusha mpira wa kwanza juu, waite makocha wawili na manahodha wawili katikati ya uwanja. Tumia dakika mbili. Waambie leo utapuliza nini na utaonya nini, hatua zipi utazisamehe na mkono upi hutausamehe. Sema mbele yao wote, kisha ushike neno lako mpaka robo ya nne iishe. Anzeni na mechi ya wiki hii.